Kwa Ouma, Kuhusu Boti na Mlango wa Mto Kuja

Omera Ouma,

Leo ni Sabato, boti imepumzika, na mimi nimepata nafasi ya kukaa. Nimechoka, ndugu yangu. Naanza na hilo kwa sababu ungekuwa hapa ungeliona kabla sijafungua mdomo. Ungesema, "Jakuria, kaa chini, mgongo wako unalia." Basi nimekaa mlangoni pa nyumba yangu, daftari liko juu ya magoti, na kalamu nimeazima kwa mke wako.

Kaburini kwako siwezi kuongea. Liko ndani ya boma, watu wanapita, kuku wanapita, na mtu mzima akisimama pale anaongea peke yake watasema Mkuria amerukwa na akili. Tena wewe na mimi hatukuwa watu wa kuongea nchi kavu. Mambo yetu yote tulikuwa tunayamaliza ndani ya boti. Sasa ndani ya boti haupo, na mwaka unakaribia kwisha nikiwa na maneno yamenijaa kifuani kama samaki waliokosa kununuliwa.

Nakuandikia Kiswahili kwa sababu hiyo ndiyo lugha tuliyokuwa nayo sisi wawili. Kijaluo changu mpaka leo watu wanakicheka, na Kikuria chako kilikuwa maneno matatu, yote ya kukaripia ng'ombe.

Unakumbuka nilivyofika? Nilitoka upande wa Ogwedhi baada ya ng'ombe wa baba kuchukuliwa wote na wezi. Sikujua kuogelea, sikujua kushika kasia, na harufu ya samaki ilikuwa inanitapisha. Nilizunguka bichi nzima nikiomba kazi, na kila boti ilinicheka. Wewe ndiye uliyeniuliza kama nina mikono miwili. Nikakuonyesha. Ukachukua kipande cha kamba ya wavu mkuukuu ukanifunga kiunoni, upande wa pili ukaufunga kwenye boti, ukasema, "Ukianguka nitakuvuta kama mbuta." Nilifungwa ile kamba mwezi mzima kama mbuzi. Siku moja uliifungua. Uliitupa tu ziwani, na tukaendelea.

Hayo yalikuwa miaka ishirini na zaidi iliyopita. Baba yako akanipa pa kujenga pembeni mwa shamba lenu, na hapo ndipo ninapokuandikia.

Na ni wewe uliyenifundisha ningu. Mimi nilidhani samaki ni samaki. Wewe ukaniambia huyu ana safari. Mwisho wa Agosti, kwetu huku jua linachoma mpaka matete yanakauka ncha, lakini mto Kuja unageuka rangi ya chai ya maziwa kwa sababu mvua inanyesha juu huko Kisii. Ulikuwa unatumbukiza mkono majini pale mlangoni mwa mto, unaniambia na mimi nitumbukize: upande mmoja maji ya ziwa, vuguvugu, na hatua mbili mbele maji ya mto, baridi. "Wameshapata habari," ulikuwa unasema. Kweli, kesho yake ningu wanakusanyika pale, migongo yao ya kijani, midomo yao minene inayotazama chini, wanangoja kupanda mto kwenda kutaga mayai kwenye mawe. Tulikuwa tunatega nyavu pembeni, kushoto na kulia, karibu na matete. Katikati hukutega hata siku moja. Boti nyingine zikikucheka ulikuwa unawajibu, "Pale kuna wajawazito. Wapisheni."

Tena tukiwa pale ulikuwa hutaki mtu aongee. Ulisema ningu ana masikio kuliko mama mkwe. Kwa hivyo tukawa na lugha ya mikono. Kiganja chini, acha kupiga kasia. Ngumi, shikilia hapo hapo. Na ukichoka kuongoza boti, ulikuwa unagonga ubao wa pembeni mara mbili na kuninyooshea kidole: chukua wewe, sasa ni yako. Nikishachukua, ulikuwa hunifundishi tena wala hunisahihishi. Ulikuwa unalala chali ukifunika uso kwa kofia, na boti inakuwa yangu mpaka ufuoni.

Sasa nataka kukueleza nilichofanya. Nimezunguka sana kufika hapa, nisamehe.

Koo lako lilipokupeleka hospitali kule Homa Bay, sauti ndiyo iliyotangulia kuondoka. Walikupa karatasi na kalamu. Hukuzitaka. Uliongea nami kwa mikono kama tuko mlangoni mwa mto, na wagonjwa wengine wakadhani tuna wazimu. Kuna siku moja mchana, Min Akinyi mke wako alikuwa miguuni pa kitanda anakunja sweta yako, mdogo wako Odongo alikuwa amesimama dirishani, na mimi nilikuwa kwenye kiti karibu na kichwa chako. Ukafungua macho. Ukagonga chuma cha kitanda mara mbili. Halafu ukamnyooshea mke wako kidole, na ukanitazama mimi. Ukaendelea kunitazama mpaka nikaitika kwa kichwa. Min Akinyi alidhani unasikia baridi, akakufunika blanketi. Ukafumba macho.

Nilielewa, omera. Hakuna siku niliyowahi kukuelewa vizuri kuliko siku ile. Ulisema boti ni yake.

Siku mbili baadaye tulikurudisha nyumbani kwa gari la kukodi, na ndugu zako wa kanisa wakaimba mpaka sauti zikakauka.

Baada ya maziko wazee waliketi. Yale mengine ya mjane kurithiwa na ndugu wa marehemu, Min Akinyi aliyamaliza mapema. Alisimama, hakupandisha sauti, akasema yeye ni mtu wa kanisa na atabaki alivyo katika nyumba aliyojengewa na mume wake. Wazee wakatazamana, wakaacha. Lakini boti ikawa jambo jingine. Odongo alisema boti ya kaka yake haiwezi kukaa kwa mwanamke asiyejua hata kasia linashikwa upande gani, ikae kwa ndugu, na yeye ndiye ndugu. Hakusema kwa ubaya. Ungemsikia ungemwelewa.

Ndipo mke wako akasema, "Si tumuulize shemeji Chacha mume wangu alitaka nini? Alikuwa naye kila siku."

Watu wote wakanigeukia. Na mimi, Ouma, nikasema, "Mimi sijui. Hakusema."

Hakusema. Nililichagua neno hilo vizuri. Kwa mdomo kweli hukusema, hukuwa na sauti. Nikajificha nyuma ya neno hilo kama mtoto nyuma ya pazia.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Niliogopa, hiyo ni moja. Nimejenga kwenye shamba la kwenu, mimi ni mtu wa kuja, na Odongo ndiye aliyebaki mkubwa wa boma. Angeniambia nibebe mabati yangu nirudi Ogwedhi, ningekwenda kwa nani? Lakini si woga peke yake. Nilikuwa nimechoka. Miezi ya kwenda na kurudi Homa Bay, kulala sakafuni, kukuinua, kukugeuza, kukutazama ukikonda. Nilitaka kikao kiishe nikalale. Niliuza neno lako kwa usingizi, ndugu yangu, na usingizi wenyewe sikuupata.

Basi wazee wakampa Odongo boti, na mimi nikawa mvuvi wake. Sitamsingizia. Hakunitukana, hakuninyima haki yangu. Alipiga boti rangi upya, akaziba pale palipokuwa panavuja. Tulivua mbuta na ngege kama kawaida, na kila jioni nilikuwa napita mbele ya nyumba yako haraka haraka, nikitazama upande mwingine.

Ikafika mwisho wa Agosti. Siku moja asubuhi nikaona maji yamegeuka. Nikatumbukiza mkono. Baridi. Nikageuka nyuma kukutazama. Nilikuta ni Odongo.

Alikuwa na wavu mpya mrefu alioununua Sindo. Tukafika mlangoni mwa mto, akafunga ncha moja kwenye matete ya upande huu, akaniambia nipige kasia kwenda ng'ambo. Nikasema, "Ouma alikuwa anaacha katikati." Nilisema polepole, kama mtu anayetaka asisikike.

Odongo hakukasirika. Alinitazama kwa macho yaliyochoka kama yangu. "Chacha, Ouma amelala. Watoto wangu wako macho, na wana njaa."

Nikapiga kasia. Mikono hii hii uliyoniuliza kama ninayo ndiyo iliyoushusha wavu ule kutoka matete mpaka matete. Nikafunga ncha ya pili, tena fundo zuri, lile ulilonifundisha.

Asubuhi tatu tulivua hivyo. Sijawahi kuona ningu wengi namna ile tangu miaka yangu ya mwanzo na wewe. Boti ilizama mpaka maji yakabaki vidole vitatu kufika ukingoni. Majike walikuwa wameshiba mayai, ukimshika tumbo tu yanamwagika mkononi. Sakafu ya boti iliteleza kwa mayai. Odongo aliteleza akaanguka akacheka, na mimi nikacheka. Nakuambia hata hilo. Nilicheka.

Siku ya tatu hiyo, tulipofika bichi, Min Akinyi alikuwa pale na karai lake. Tangu uondoke ananunua samaki kwenye boti za watu, anawakausha kwa moshi na kuwapeleka sokoni. Alikuwa amepanga foleni na wanawake wengine, mbele ya boti ambayo nilijua mimi ni yake. Akaokota ningu mmoja, akambonyeza tumbo, mayai yakatoka. Akayatazama mkononi mwake.

"Shemeji, hawa mmewatoa wapi?"

"Mlangoni."

"Pembeni au katikati?"

Nikatazama miguu yangu. Alimrudisha yule samaki taratibu, kama mtu anayelaza mtoto, akasuuza mkono ziwani, na akaondoka na karai tupu.

Siku mbili nilijizuia. Ya tatu nikamwambia Odongo naumwa, nikaenda kwako. Nilimkuta Min Akinyi nyuma ya nyumba anapasua kuni za kukaushia. Sikungoja kukaribishwa. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama: ulivyogonga chuma, mara ngapi, ulivyonyoosha kidole, maana yake ni nini ndani ya boti, na kwamba nililijua hilo siku ile ile na nikanyamaza.

Aliweka shoka chini. Nilitegemea anitukane. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, na ningeyapokea kama maji ya kunywa.

"Nilimfunika blanketi," alisema. "Alikuwa anaongea na mimi, nikamfunika blanketi."

Hapo ndipo alipolia. Hakulia sana siku ya maziko, unajua alivyo, alikuwa anahangaika na chakula cha wageni. Alilia pale, kwenye kuni, na mimi sikujua mikono yangu niiweke wapi. Kwa boti hakulia. Alilia kwa sababu ulisema neno la mwisho na yeye akaitikia lingine.

Alipomaliza akajifuta uso kwa kitenge. Akaniuliza, "Miezi mitano, Chacha?" Hakuniita shemeji. "Sasa utayasema haya mbele ya watu, au umekuja kuniambia mimi tu ndiyo ulale vizuri?"

Nikasema nitasema.

Jumapili, baada ya wale wa kanisa Katoliki kutoka misa, kamati ya bichi ilikaa kwenye banda la kupimia samaki. Wavuvi walijaa mpaka nje. Mwenyekiti akanipa nafasi. Nilisimama, nikaeleza. Nilipofika kwenye ishara ya mkono watu wakaangua kicheko. Mmoja akasema kwa sauti, "Mtu hagongi kitanda tu halafu boti ihame!" Mwingine akasema Mkuria anaitaka boti kwa kupitia kwa mjane. Hilo liliniuma, kwa ajili ya mke wako zaidi kuliko mimi. Alikuwa amesimama nje karibu na nguzo na alilisikia.

Odongo alikuwa amekaa nyuma. "Wewe Chacha ni nani katika boma hili?" aliuliza. "Sisi tumekupa mahali pa kulala. Leo unaleta maneno ya mtu asiyeweza kuja kukataa?"

Ni kweli mlinipa mahali pa kulala. Basi nikafanya kitu kimoja tu nilichobaki nacho. Nikagonga meza ya mizani mara mbili, nikanyoosha kidole kuelekea alikosimama Min Akinyi. Nikasema, "Alifanya hivi. Ndani ya boti maana yake ni chukua, ni yako. Miaka yote alinifanyia mimi hivyo. Zaidi ya hapo sina."

Kicheko kikapungua. Halafu nikamsikia Odongo.

"Rudia."

Nikarudia. Mara mbili, kidole.

Akainamisha kichwa, akashika paji la uso. Nikasikia kunguru wakitembea juu ya mabati. Akasema, akitazama chini, "Alifanya hivyo. Nilikuwa dirishani, nilimwona. Mimi nilidhani anaomba ainuliwe mto wa kulalia."

Ouma, sikujua kama alikuona. Siku ile nilidhani anatazama nje. Angeweza kukaa kimya tu. Nusu ya watu pale walikuwa upande wake, na mimi nilikuwa nimeshashindwa. Ningekuwa mimi mahali pake, nilivyojiona mwaka huu, sijui ningefanya nini. Yeye alisimama, akatoa mfukoni ufunguo wa kufuli ya mnyororo wa boti, akaja mpaka mezani akauweka, akapita karibu yangu bila kunitazama, na akatoka. Mpaka leo hatujasalimiana vizuri. Tukikutana njiani tunaitikiana kwa koo tu.

Siku ile hakuna aliyeshangilia. Mwenyekiti alimpa mke wako ufunguo, akaandika kitu kwenye kitabu, watu wakatawanyika, na mimi nikaenda kukaa juu ya boti iliyogeuzwa.

Sasa sikia hili, maana najua ungejipiga mapaja ukicheka. Nilidhani mke wako atanikabidhi boti nivue, yeye angoje samaki ufuoni. Akaniambia, "Amenionyesha mimi kidole. Hakuninyooshea ili nikae chini." Akaingia botini. Wewe unajua wanaume wa bichi hii wanavyosema juu ya mwanamke kuingia boti ya uvuvi. Walisema yote. Mvuvi mmoja tuliyemwomba awe wa tatu wetu alichukua kofia yake akaenda zake. Boti mbili zilizokuwa zinafungwa karibu na yetu zilihamishwa. Min Akinyi alifunga kitenge vizuri, akavaa jaketi la kuokolea, akakaa katikati, akashikilia ubao kwa mikono miwili mpaka vifundo vikawa vyeupe. Hatukuwa tumefika mbali akatapika. Akanawa uso, akasema, "Endelea." Akatapika tena.

Mlangoni mwa mto tulitega pembeni. Kushoto na kulia, katikati wazi. Halafu tukangoja. Jua lilikuwa limeshaanza kuwa kali, na maji ya katikati yakaanza kujikunja kunja bila upepo, unajua vile. Alitazama muda mrefu.

"Ni wao?"

"Ni wao."

"Wanaenda wapi?"

Nikamwambia ulivyoniambia wewe, wanapanda, wanapita Nyatike, wanakwenda mpaka kwenye mawe ya juu ambako maji yanapiga kelele, na huko ndiko wanakotagia. Akaniambia kwamba kila mwaka msimu wa ningu ulikuwa unarudi nyumbani umenyamaza, unakula bila kuongea, na yeye alikuwa anadhani umekasirishwa na kitu nyumbani. Miaka yote hiyo. Nikamwambia hapana, ni huku tu tulikuwa hatuongei, ulikuwa unasahau kuanza tena.

Tulipovuta nyavu tulipata ningu kumi na mmoja. Asubuhi tatu zile na Odongo tulikuwa tunajaza boti. Kumi na mmoja. Min Akinyi aliwapanga kwenye karai kama sahani za wageni.

Sitakudanganya, omera, mambo si mepesi. Tunavua wawili kazi ya watu watatu. Mgongo wangu asubuhi haukubali mpaka niuombe. Mke wako viganja vimepasuka, anavipaka mafuta ya samaki na anasema ni sawa, lakini nimemwona akishindwa kufunga kitufe cha shati. Binti yako Akinyi ametupigia simu kutoka chuoni mara mbili akimwambia mama yake aache. Hajaacha.

Na mlango wa mto sisi hatujauponya. Kamati ilisema italijadili jambo la katikati. Bado inalijadili. Odongo alipata nafasi kwenye boti nyingine, na boti hiyo inatega katikati. Kuna asubuhi tunafika na nyavu zetu za pembeni tunakuta wao wameshaziba toka matete mpaka matete, na mimi namtazama Min Akinyi, naye ananitazama, tunatega zetu hivyo hivyo mahali petu. Siku nyingine najiuliza tunamwachia nani hiyo katikati. Nachoka kuliko nilivyochoka hospitali.

Ila wiki iliyopita niliona jambo, nakupa kama nilivyoliona. Wavu wao ulikuwa umefungwa upande wa ng'ambo, lakini upande wa kwetu ulikuwa haujafika. Palibaki nafasi ya upana wa boti moja, na maji pale yalikuwa yanajikunja. Odongo ndiye aliyekuwa anashusha ncha hiyo. Labda mkondo ulimsukuma. Labda kamba iliisha. Sikumuuliza. Alikuwa amenipa mgongo, anavuta sigara, na hakugeuka mpaka tukapita.

Jua limeshuka sasa, barua imekuwa ndefu, na sijakuambia hata nusu. Paa la jikoni lako nimelitengeneza. Yule mbwa wako amehamia kwangu na anakula kuliko mimi. Shemeji ameweka mawe meupe kuzunguka kaburi, na mimi nilimbebea.

Ahadi yangu ni hii, na naiandika ili nisije nikaikana. Sitasema tena sijui wakati najua. Nikiulizwa nitasema, na wasiponiuliza nitasema vile vile, hata wakinicheka. Na nyavu zetu zitakaa pembeni maadamu mikono hii inaweza kuvuta, mwaka wa samaki na mwaka wa kukosa. Samehe ile miezi mitano. Siwezi kukurudishia, nakuambia tu ilikuwepo.

Mke wako ananiita. Sabato imeisha, anataka tuzitazame nyavu kabla ya giza, kuna mahali pamechanika. Anapaza sauti, "Chacha! Unaandika barua au kitabu?" Nimemjibu nakuja.

Hilo neno nakuja namwambia yeye, omera, si wewe. Wewe utaningoja kidogo.

Mkuria wako,
Chacha